Namna ya Kuisoma Katuni ya Kisiasa Kuhusu Dini Shuleni: Mfano wa Mamba wa Mwaka 1871

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya walimu wa Historia na Uraia, na kwa msomaji yeyote ambaye hatosheki kuicheka katuni ya kisiasa na kufunua ukurasa unaofuata. Mfano nitakaoutumia ni katuni ya Thomas Nast iliyochapishwa tarehe 30 Septemba 1871 katika Harper's Weekly, gazeti la kila wiki la New York, ambayo jina lake kwa Kiswahili tungelisema "Mto Ganges wa Marekani". Nimeichagua kwa sababu inahusu jambo ambalo Wamarekani bado wanalipigania mahakamani hadi leo, yaani nafasi ya dini katika shule za umma, na kwa sababu imechorwa kwa ustadi mkubwa ilhali imejaa chuki. Ustadi na chuki vikikaa pamoja katika picha moja, msomaji asiyejiandaa hupokea vyote viwili bila kujua.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuanzi kazi hii mikono mitupu. Anayeijua kanga anajua kwamba maandishi yake hayasomwi peke yake: huulizwa nani amevaa, kavaa siku gani, na anapita mbele ya mlango wa nani. Maneno yaleyale ni mapambo kwa mpita njia na ni kijembe kwa jirani anayekusudiwa. Katuni ya kisiasa ni fumbo la namna hiyohiyo, na hatua zinazofuata zinalenga kumtambua jirani aliyekusudiwa, kosa analodaiwa kulitenda, na uhalali wa madai hayo.

Maandalizi

Tafuta nakala kubwa na safi. Katuni hii imekwisha kuwa mali ya umma, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye tovuti yake, hivyo inaweza kupakuliwa bila malipo. Kama shule haina projekta, chapisha kwenye karatasi ya A3 na uwape wanafunzi wanne nakala moja. Karatasi ndogo haifai, kwa kuwa enzi hizo picha zilichongwa kwenye ubao kabla ya kupigwa chapa, na mambo mengi ya maana yamo katika mikwaruzo midogo ambayo huungana na kuwa doa jeusi picha inapopunguzwa.

Kabla ya kuionyesha, waambie wanafunzi jambo moja tu: kwamba picha hii inawadhalilisha waumini wa dini fulani, na kwamba imeletwa darasani ili ichunguzwe, wala si ili iungwe mkono. Karibu kila darasa letu lina watoto wa Kikatoliki, na haifai mtoto ashtukizwe na picha ya maaskofu wa Kanisa lake wakiwa mamba. Zaidi ya hapo nyamaza. Mara ya kwanza nilipoifundisha katuni hii nilianza kwa maelezo ya nusu saa kuhusu siasa za New York, na nilipoifunua picha wanafunzi hawakuwa na kazi tena ya kufanya. Walikaa wakitafuta yale niliyokwisha kuwatajia, na hakuna aliyeona jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona.

Hatua ya kwanza: angalia, orodhesha, usitafsiri

Toa dakika kumi. Kila mmoja aandike anachokiona kwa macho, bila neno "maana yake". Mwanafunzi akiandika "maaskofu wabaya", mrudishe: ubaya hauonekani, ameona nini hasa? Atalazimika kuandika kwamba ameona wanyama wanaotambaa kutoka majini kuelekea ufukweni.

Orodha iliyo kamili itakuwa na mambo haya. Mbele kabisa, ukingoni mwa mto, kuna mwanamume aliyesimama wima akiwakabili mamba hao, na ndani ya koti lake kimechomoza kitabu. Nyuma yake kuna watoto. Wengine wamepiga magoti, wengine wamejikunyata. Juu ya genge wamesimama watu wazima wanaowashusha watoto wengine kuelekea kwa mamba, na huko juu mwanamke aliyefungwa anapelekwa kwenye mti wa kunyongea. Kuna jengo la shule ya umma lililobomoka, na juu yake bendera ya Marekani inapepea juu chini. Ng'ambo ya mto kuna jengo kubwa lenye kuba linalofanana na Basilika la Mtakatifu Petro la Roma, nalo lina bendera, mojawapo ikiwa na kinubi.

Sasa waambie wamsogelee mamba mmoja hadi pua iguse karatasi. Ukiwa mbali unaona taya lililo wazi na safu ya meno. Ukiwa karibu unatambua kwamba taya lenyewe ni mitra, ile kofia ndefu ya kiaskofu yenye ncha mbili: askofu anatambaa kwa mikono na magoti, ameinamisha kichwa, kwa hiyo kofia imeelekea mbele badala ya kuelekea juu, ncha moja ikawa taya la juu na nyingine taya la chini, na mapambo ya pindo lake yakawa meno. Chini ya hilo taya kuna uso wa mtu. Darasani kwangu hapo ndipo minong'ono huanza, na mwalimu afanye subira auache uendelee, kwa kuwa wanafunzi wanajifunza wenyewe jambo ambalo hotuba haiwezi kuwafundisha: Nast hakuchora maaskofu kisha akawabandika mikia, bali alilitafuta vazi takatifu la Kanisa lenyewe akaligeuza silaha kwa kubadilisha tu upande lilikoelekea.

Hatua ya pili: fungua taashira moja baada ya nyingine

Wanafunzi wetu wanazijua istilahi za sitiari, taashira na mubalagha kutoka kwenye somo la fasihi, basi zitumike hapa. Mamba ni sitiari. Bendera iliyopinduliwa ni taashira ya dhiki, ishara iliyotoka kwa mabaharia wanaoomba msaada. Kinubi ni nembo ya Ireland. Jengo lenye kuba limeandikwa jina la Tammany Hall, yaani kikundi cha wanasiasa wa Chama cha Kidemokrasia kilichoitawala New York wakati huo, kilichoongozwa na William Tweed na kutegemea sana kura za wahamiaji kutoka Ireland; kwa hiyo mchoraji anadai kwamba ofisi ya chama na makao ya Papa ni nyumba moja.

Ganges yenyewe inahitaji maelezo zaidi. Kwa nini mto wa India uwe Marekani? Katika karne ya 19 vitabu na mahubiri ya wamisionari wa Kiprotestanti yalieneza mno habari za kina mama wa India wanaowatupa watoto wao mtoni waliwe na mamba kama sadaka. Msomaji wa Harper's Weekly alikuwa na picha hiyo kichwani tangu utotoni, na Nast aliitegemea: kusema "Ganges" kulitosha kumwambia msomaji kwamba Wakatoliki ni washenzi wanaotoa watoto kafara. Angalieni kwamba kwa pigo moja amewatusi watu wa aina mbili, Wakatoliki wa New York na Wahindu ambao hawakuhusika kwa vyovyote na ugomvi wa shule za Marekani.

Hatua ya tatu: iulize tarehe

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, nami nawasihi walimu wasiiruke, kwa sababu katuni ya gazeti huchorwa kwa ajili ya wiki yake. Septemba 1871 haukuwa mwezi wa kawaida. Tarehe 12 Julai mwaka huo, gwaride la Waprotestanti wa asili ya Ireland mjini New York lilikuwa limegeuka kuwa machafuko yaliyoua zaidi ya watu 60. Mwezi huohuo gazeti la New York Times lilianza kuchapisha hesabu zilizofichua wizi mkubwa wa fedha za jiji uliofanywa na Tweed na washirika wake. Uchaguzi ulikuwa Novemba. Kwa hiyo picha hii ya watoto na mamba ilikuwa pia kipeperushi cha kampeni kilichotoka wiki chache kabla ya watu kupiga kura.

Rudi nyuma kidogo pia. Njaa iliyoikumba Ireland tangu 1845 iliwaleta Marekani maskini wengi wa Kikatoliki, na mijini walikuta shule za umma ambazo viongozi wao waliona haziwafai. Waliomba sehemu ya fedha za umma kwa ajili ya shule zao wenyewe, na mwaka 1869 Tweed, akiwa seneta wa jimbo, aliwasaidia kupata fedha hizo kwa kuupenyeza mpango huo ndani ya muswada wa kodi. Halafu mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza fundisho la kutokosea kwa Papa, jambo lililowatia wasiwasi Waprotestanti wengi. Hofu ya Nast haikuzuka hewani.

Hatua ya nne: iandike katuni kama hoja

Mwanafunzi aandike sentensi moja inayoanza na "Mchoraji anadai kwamba". Sentensi inayokubalika ni kama hii: mchoraji anadai kwamba makasisi wa Kikatoliki, kwa msaada wa wanasiasa wala rushwa, wanaiangamiza shule ya umma na kuwapokonya watoto wa Marekani uhuru wao. Hoja ikishaandikwa, igaweni. Lipi lilikuwa kweli? Kwamba Tweed alikuwa mwizi, ni kweli. Alihukumiwa na akafia gerezani mwaka 1878. Kwamba fedha za umma zilipelekwa kwenye shule za Kanisa, ni kweli. Lipi limetiwa chumvi? Kwamba shule za umma zilikuwa zimebomoka. Na lipi si hoja kabisa, bali ni tusi? Kwamba askofu ni mnyama.

Nawaomba walimu wasilifanye zoezi hili kuwa jedwali la kujaza haraka. Wapeni wanafunzi muda wa kubishana, hasa kuhusu swali la fedha, maana mtu mwadilifu anaweza kukataa fedha za umma zisiende kwenye shule za dini bila kumchukia Mkatoliki hata mmoja, na mtu mwadilifu mwingine anaweza kuuliza kwa nini mzazi maskini alipe kodi kwa ajili ya shule inayoidharau imani yake.

Hatua ya tano: tafuta kilichochorwa bila kuelezwa

Hapa ndipo kilipo kiini cha mwongozo wangu. Katuni husema mambo mengi kwa sauti kubwa, lakini lile lililo zito zaidi mara nyingi huwa ni lile ambalo mchoraji hakuona haja ya kulitetea. Warudisheni wanafunzi kwa yule mwanamume aliyesimama mbele ya watoto, na waulizeni: kitabu kilicho ndani ya koti lake ni kitabu gani?

Ni Biblia. Mamba wa Nast wanashutumiwa kwa kuiingiza dini shuleni, ilhali mlinzi wa shule amekuja na Biblia kifuani. Kwa Nast hapakuwa na mgongano wowote. Shule nyingi za umma za Marekani zilianza siku kwa kusoma Biblia, lakini ilikuwa tafsiri ya Kiprotestanti iitwayo ya Mfalme James, na watu wa upande wake waliiona kuwa desturi njema ya taifa isiyo na udhehebu. Mkatoliki, aliyekuwa na tafsiri yake na hata namna yake ya kuzihesabu Amri Kumi, aliiona kuwa ibada ya watu wengine ambayo mwanawe alilazimishwa kuifuata.

Watoto hao hawaonekani kwenye picha, na ni wajibu wa mwalimu kuwaleta. Mwaka 1859, katika shule moja ya umma mjini Boston, mvulana wa Kikatoliki alikataa kuzikariri Amri Kumi kwa namna ya Kiprotestanti, na mwalimu akamchapa viganja kwa henzirani kwa muda wa kama nusu saa. Kesi ilipelekwa mahakamani na mwalimu akaachiwa. Miaka 15 kabla ya hapo, mjini Philadelphia, ombi la askofu Francis Kenrick kwamba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kusoma tafsiri yao lilichochea uvumi kwamba Wakatoliki wanataka kuiondoa Biblia shuleni, na katika ghasia za Mei na Julai 1844 makanisa yalichomwa na watu wasiopungua 20 wakauawa. Ukiyajua hayo kisha ukaitazama tena picha ya mwalimu aliyewakinga watoto kwa mwili wake, utaona kwamba mamba si sehemu ya picha inayopotosha zaidi. Hakuna msomaji aliyeamini kwamba maaskofu wana mikia, lakini wengi waliamini kwamba mtu mwenye Biblia kotini hakuwa wa upande wowote.

Swali la hatua hii, basi, ni hili: ni kitu gani katika picha ambacho mchoraji anadhani sote tunakikubali? Nast hakuwa mtu mwovu kwa kila jambo. Mwezi Novemba 1869 alichora meza ya karamu ambapo watu wa mataifa na rangi zote, Weusi na Wachina wakiwamo, wameketi kama wageni walio sawa. Mkono uleule uliichora meza ile na mamba hawa, na ndiyo sababu sipendi wanafunzi wamalize somo kwa kumwita mbaguzi kisha wafunge daftari.

Hatua ya sita: fuatilia picha ilikokwenda

Harper's Weekly liliichapisha katuni hii tena Mei 1875, na Septemba mwaka huo Rais Ulysses Grant, akihutubia wanajeshi wastaafu mjini Des Moines, alitaka fedha za umma zisitumike hata kidogo kwa shule za madhehebu. Mbunge James Blaine akapeleka bungeni pendekezo la kuibadilisha Katiba. Tarehe 4 Agosti 1876 lilipita katika Bunge la Wawakilishi kwa kura 180 dhidi ya 7, lakini katika Seneti lilipata 28 dhidi ya 16, ambazo hazikufikia theluthi mbili zinazotakiwa. Wasomeeni wanafunzi yaliyokuwamo katika toleo la Seneti: lilikataza fedha kwenda kwa madhehebu, na papo hapo likasema kwamba katazo hilo halitahesabiwa kuwa linazuia kusoma Biblia shuleni. Kile kitabu cha kotini kilikaribia kuwa kifungu cha Katiba. Pendekezo lilianguka, lakini majimbo mengi yaliweka makatazo ya namna hiyo katika katiba zao, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa bado inayashughulikia, katika kesi iliyotoka jimbo la Montana.

Biblia yenyewe iliondolewa kwenye taratibu za asubuhi za shule za umma na mahakama hiyohiyo, ambayo ilizuia sala iliyotungwa na serikali mwaka 1962 na usomaji wa Biblia kama ibada tarehe 17 Juni 1963. Kwa mwalimu mwenye muda, kuna katuni ya kulinganisha iliyotoka mara tu baada ya uamuzi huo. Mchoraji wa Washington Post, Herbert Block, aliyetia saini Herblock, alimchora baba mwenye hasira nyumbani kwake, akihoji kama sasa wanamtaka awasikilize watoto wake wakisali nyumbani. Hakuna mnyama, hakuna genge, hakuna damu. Waulize wanafunzi ni ipi kati ya hizo mbili inayomwachia mpinzani nafasi ya kujibu.

Hatua ya saba: chora

Zoezi la mwisho lifanyike kwa penseli. Kila mwanafunzi achore tena ugomvi wa 1871, lakini kwa jicho la mzazi wa Kikatoliki mwenye mtoto katika shule ya umma ya New York au Boston. Masharti ni mawili: asimgeuze mtu yeyote mnyama, na asiandike zaidi ya maneno sita. Sharti la kwanza ni gumu kuliko wanavyodhani, kwa kuwa linawalazimisha kutafuta hoja pale ambapo wangeweka mkia.

Baada ya hapo ndipo warudi nyumbani kwetu, na mwalimu achague kwa uangalifu. Wakenya wana mahali pazuri pa kuanzia: mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Watanzania, ambao shule zao za serikali zina vipindi vya dini, na Wakenya, ambao hutahini elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, wataona mara moja kwamba mstari waliouchora Wamarekani sio tuliouchora sisi. Michoro ibadilishwe baina ya madawati, jina la mchoraji likiwa nyuma ya karatasi, na anayeipokea apitie hatua zote kuanzia ile ya kwanza.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, msichana mwenye mkono mzuri sana wa kuchora, alichora gwaride la asubuhi ili kuonyesha shule isiyomwonea mtu wa dini yoyote: hijabu, misalaba shingoni, walimu wenye kanzu na wenye suti, wote kwenye mistari iliyonyooka. Jirani yake aliipokea karatasi, akaorodhesha vitu kimoja kimoja kama alivyofundishwa, kisha akauliza kwa nini wanafunzi wote, hata wenye hijabu, wameinamisha vichwa na kukutanisha viganja vya mikono kifuani. Mchoraji aliinama akaitazama picha yake kwa muda mrefu. Akajibu kwamba hiyo ni parade tu, ndivyo wanavyosimama.